Disketi ya Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sijalitamka mpaka leo, na mwenyewe amekwishalala kaburini miaka mingi. Ukiniuliza nitakwambia "yule mzee" au "babu wa watoto", basi. Ndivyo tulivyolelewa sisi wanawake wa Kinyakyusa wa zamani. Baba mkwe humtazami usoni, huli naye, na jina lake halipiti kwenye meno yako. Akija njiani, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Yeye naye alikuwa mtu wa adabu, akikaribia kwetu anakohoa. Kile kikohozi nilikijua kuliko sauti ya mume wangu. Kho, kho! Mimi huyo, na ndoo yangu kichwani, nimezama kwenye migomba.

Wajukuu zangu wananicheka. "Bibi, ulikuwa unamkimbia mzee wa watu kama mgambo?" Nawaambia chekeni tu. Jina hilohilo kunishinda kutamka, nusura ninyang'anywe ng'ombe wangu. Tena si kwa uchawi wala kwa wizi. Kwa kompyuta!

Tulia nikusimulie vizuri, maana nikianza kucheka nitaruka mambo.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, vitu vimeanza kuja Tukuyu kama mvua yetu, haviulizi msimu. Nguo za mitumba, redio za kila rangi, sabuni zenye harufu ya maua ambayo hatujawahi kuyaona. Na vikundi navyo vikaota kila mahali. Sisi akina mama tukawa na kikundi chetu cha maziwa. Wafadhili wakaleta mitamba, yaani ng'ombe majike ambao hawajazaa bado, wale wa maziwa mengi. Kila mama na mtamba wake.

Wangu aliletwa kutoka Lupepo. Wa kahawia, ana doa jeupe kwenye paji la uso, sikio la kushoto limejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Na alikuwa na mchezo mmoja, akisimama bila kazi anatoa ulimi upande wa kushoto, anauacha unaning'inia hapo kama amesahau kuurudisha. Nilimpenda ng'ombe yule jamani. Mume wangu alikuwa anasema, "Ningejua, ningejikunja sikio na mimi."

Lakini kikundi kilikuwa na sheria. Mtamba akishafika umri wake, anapata joto, siku moja tu, halafu anatulia majuma matatu mpaka joto lingine. Siku hiyo ya joto ndiyo unampeleka kwa dume. Ukipitisha joto la kwanza, la pili, na la tatu nalo likapita hana mimba, basi, wanakuja kumchukua wanampa mama mwingine. Walisema hatuwezi kufuga pambo. Mimi joto la kwanza lilinikuta msibani. La pili, dume nililoelekezwa lilikuwa linaumwa miguu, halisimami. Likabaki la tatu. Moja tu. Nikawa namtazama yule ng'ombe asubuhi, mchana, jioni, kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike.

Sasa madume yenyewe yalikuwa machache, na ni ya kikundi. Leo dume liko Lupepo, mwaka kesho linahamishiwa Kawetele, mwingine linapelekwa Kinyala. Kwa nini? Ili lisije likakutana na binti zake. Maana ng'ombe akipandwa na baba yake, ndama anatoka dhaifu, mwingine hafiki hata juma. Na mimi hata bila hiyo ya udhaifu, kichwa changu kilikuwa kinakataa. Mkwe tu namkimbilia migombani, sembuse baba mzazi!

Hapo ndipo inapoingia kompyuta. Wafadhili waliileta kwenye ofisi ya kikundi pale mjini. Tukaambiwa viatu nje. Tukaingia miguu mitupu kama tunaingia kwa chifu. Katibu wetu, binti wa Kiislamu, baba yake ana duka karibu na stendi, alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, na maua pembeni. Alipokifunua nilishika mdomo. Kioo chenyewe kinawaka kwa ndani, na maandishi yanatokea hayaandikwi na mkono.

Na aliyeyapanga hayo maandishi ni nani? Binti yangu mwenyewe! Wa tatu kuzaliwa. Alikuwa Mbeya, kwenye chuo kimoja cha mtu binafsi, vile vilivyokuwa vinafunguliwa siku zile, anasomea kompyuta. Likizo moja alikaa na sisi akina mama, akatuuliza ng'ombe huyu mama yake nani, yule bibi yake nani, akaandika, akaondoka. Akarudi na kibao chembamba cheusi, mraba, unaweza kukiweka mfuko wa gauni. Wanaita disketi. Akasema, "Mama, humu mna programu. Ukitaja ng'ombe, inakwambia dume la kumpeleka." Nikakigeuza, nikakitikisa sikioni. Kimya. Nikamwambia, "Humu mna ng'ombe wote wa Rungwe?" Akasema, "Wote, na mabibi zao." Ee Kyala, Mungu wangu! Nilikirudisha kwa mikono miwili, kama sahani ya kanisani.

Ile programu ya kwanza ilikuwa na kasoro, na kasoro ilitoka kwetu. Sisi tulimtajia mama wa ng'ombe, na bibi wa ng'ombe, upande wa kike tu, kwa sababu ndio tuliokuwa tunawaona zizini. Baba ni dume la kupita, nani anamkumbuka. Kwa hiyo programu nayo ikawa inafuata ukoo wa mama peke yake. Binti yangu alipogundua alishtuka. Akaenda mpaka kwa watunza madume, akakusanya habari za akina baba, akatengeneza programu ya pili, inafuata pande zote mbili.

Sasa sikia alivyoziita. Ile ya kwanza, ya ukoo wa mama, akaipa jina la baba yangu mimi, babu yake mzaa mama. Ya pili, iliyoongeza ukoo wa baba, akaipa jina la yule mzee. Babu yake mzaa baba. Kwa mapenzi tu! Mjukuu kwake babu ni mwenzake, anamwita jina barabarani, wanataniana. Akabandika karatasi kila disketi na jina lake, akaziweka kwenye kisanduku pale ofisini. Hakuandika ya kwanza wala ya pili, wala tarehe. Kwake ilikuwa wazi kama mchana.

Basi mvua za masika zikaja na radi zake, umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na hasira. Kompyuta ikafa. Fundi akatoka Mbeya, akaifufua, lakini akasema ndani ni tupu kama chungu kipya, inabidi programu iwekwe upya kutoka kwenye disketi.

Siku ya soko nikaenda pale dukani kwa baba yake katibu, ndiko kulikokuwa na simu, tulikuwa tumepatana na binti yangu atapiga. Nyuma yangu foleni ya watu, kila mmoja anasubiri simu yake na masikio yamesimama. Nikamweleza. Akasema, "Mama, ni rahisi. Mwambie katibu aweke ile ya babu." Akalitaja jina, hivihivi, mzima mzima, sikioni kwangu.

"Nimesikia."

"Angalia, asije akaweka ile nyingine. Ile nyingine ina kasoro. Rudia nisikie."

"Nimesikia nimekwambia."

"Mama, rudia jina."

"Mwanangu, simu inakata!"

"Haikati Mama, nakusikia vizuri kabisa."

Nikairudisha simu mahali pake. Mzee mmoja kwenye foleni akauliza, "Imekata?" Nikasema imekata. Akaitazama ile simu, akanitazama mimi.

Nikaenda ofisini, nikavua viatu. Njia nzima najiuliza nitasemaje. Katibu akanipokea, "Shikamoo Mama, kasemaje?"

"Marahaba. Kasema weka ile ya mzee."

"Zote za wazee, Mama. Mzee yupi?"

"Yule... mkubwa."

"Aah! Kubwa. Nimekuelewa."

Naye akaivuta disketi moja kwenye kisanduku. Mimi shule niliishia darasa la pili, kusoma kwangu ni kwa kunusa, na pale nilipokaa sikuiona hata karatasi. Nikafurahi moyoni kwamba nimefikisha ujumbe na adabu yangu imebaki nzima. Nikarudi nyumbani naimba.

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja nafungua zizi, yule ng'ombe analia. Analia, anazunguka, hataki majani. Joto la tatu! Nikajifunga khanga, nikakimbia ofisini kuulizia dume. Katibu akabonyezabonyeza, kompyuta ikasema Kawetele, akaniandikia kikaratasi. Nikarudi, nikamfunga kamba ng'ombe wangu, tukaenda.

Mtunza dume wa Kawetele alikuwa baba mmoja mjane, mtani sana. Aliponiona napandisha kilima nahema, ng'ombe ananivuta, akapaza sauti, "Ugonile, mama! Mbona bi harusi ana haraka kuliko mwenye mahari?"

"Acha maneno, lete bwana harusi."

Akalifungua dume. Likatoka taratibu, kubwa, la kahawia. Likasimama. Na mimi nikasimama. Doa jeupe kwenye paji la uso. Sikio la kushoto limejikunja. Nikajiambia ng'ombe wanafanana, usiwe mjinga. Halafu likatoa ulimi. Upande wa kushoto. Likauacha unaning'inia.

Nikageuka nikamtazama ng'ombe wangu. Naye ametoa wake.

Nikasema, "Rudisha. Rudisha ndani! Huyu ni baba yake."

"Nani kasema?"

"Ulimi umesema!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, karatasi yako ya kompyuta inasema hapa. Wewe unasema ulimi. Kati ya kompyuta na ulimi nani amesoma?"

"Kabla ya kuletwa hapa lilikuwa wapi hili?"

Akafikiri kidogo. Kicheko kikapungua. "Nililipokea kutoka kwa mtunzaji wa kabla yangu, na yeye sasa ni marehemu. Sijui. Lakini mama, hili ni joto lako la tatu, kijiji kizima kinajua. Jioni likipita wanamchukua. Amua."

Hapo ndipo nilipojua maana ya kubanwa. Nikimpandisha, nimemwoza binti kwa baba yake na ndama atakufa mikononi mwangu. Nisipompandisha, kesho kutwa naona sikio langu lililojikunja linapotelea kona ya barabara, linakwenda kwa mwingine. Nikamwambia yule baba, "Nishikie huyu. Mfunge mbali, tena mgeuze wasitazamane. Narudi." Nikateremka kile kilima mbio, mtu mzima mimi, watu wanauliza kuna nini, nasema nimesahau kitu.

Ofisini sikuvua viatu. Katibu akaruka, "Mama, matope!"

"Mwanangu, hizo disketi. Nisomee karatasi zake. Kwa sauti."

Akashika ya kwanza, akasoma. Jina la baba yangu.

"Huyo ni baba yangu mzazi. Ndiye uliyemweka?"

"Ndiye. Si ulisema kubwa?"

"Nilisema mkubwa!"

"Sasa mkubwa si ndiyo huyu? Tazama, herufi kubwakubwa, tena wino mwekundu. Huyu mwingine kaandikwa kidogo, kwa penseli."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Binti yangu alipoandika ile ya pili kalamu ilikuwa imemwishia! "Soma ya pili," nikamwambia. Akasoma. Mimi macho chini, magoti yakajikunja yenyewe.

"Mama, mbona unachuchumaa?"

"Hiyo hiyo. Weka hiyo."

Lakini binti wa watu naye alikuwa mwangalifu. Akaishika ile disketi, haiweki. "Mama, nikiweka ya zamani juu ya mpya naharibu, na nitakayeulizwa ni mimi. Hapa pana majina mawili ya wazee. Jina la mtu halisemi nani katangulia. Nitajuaje ipi mpya?"

Ni kweli. Kwenye zile karatasi hapakuwa na cha kumwonyesha. Nikamjibu, "Ile ya baba yangu ilitangulia, inafuata ukoo wa mama tu. Hii nyingine ilikuja baadaye, inafuata na wa baba. Nilikuwepo alipozileta."

"Kwa hiyo huyu mzee ndiye mpya?"

"Ndiye mpya."

"Haya. Lakini ukikosea, Mama, tumekosea wote."

Akaisukuma ndani. Ile mashine ikaanza kusaga, kre, kre, kre, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Ikasaga, ikanyamaza, ikasaga. Mimi nimeshika ukingo wa meza, nje jua linapanda. Kioo kikawa cheusi. Nikasema moyoni, tumeiua. Halafu maandishi yakaja. Katibu akaandika namba ya ng'ombe wangu, akaandika na ya dume la Kawetele, akabonyeza.

Akasogeza uso karibu na kioo.

"Imesema nini?"

"Imesema," akasoma polepole, "hapana. Huyu ni baba yake."

Nikakaa chini palepale sakafuni. Mwanangu, nimeona mengi. Nimeona Mlima Rungwe unavua wingu lake asubuhi ukabaki unang'aa kama umeoga. Nimezaa watoto saba. Lakini siku ile nilishikwa na kitu sijui nikiiteje. Mimi nilimjua baba kwa ulimi wake, nimesimama naye uso kwa uso. Na lile sanduku halijawahi kumwona ng'ombe hata mmoja, halijui majani, halijui zizi, limekaa chini ya kitambaa cha kufuma, na limesema neno lilelile nililosema mimi. Na neno hilo limewekwa humo na mtoto niliyemnyonyesha. Nikaitazama ile kompyuta kama unavyomtazama mkunga aliyekwambia mtoto ni mzima.

Katibu akaniinua. "Mama, usikae! Inasema nenda Kinyala. Amka, jua halisubiri!"

Nilirudi Kawetele, nikamchukua ng'ombe wangu. Yule mjane hakucheka tena. Alikisoma kikaratasi kipya mara mbili, akavua kofia yake, akanipa fimbo yake, akasema, "Shika, njia ya Kinyala inateleza. Na huo ulimi unisamehe."

Njia ile sitaisahau. Mvua ikatukuta, ng'ombe anataka kurudi, anataka kula mahindi ya watu, anataka kila kitu isipokuwa kutembea. Wanawake waliokuwa wanachuma chai wakawa wanatupigia vigelegele, "Bi harusi huyo! Mpelekeni!" Nawajibu, "Ndaga fijo, asanteni sana, sukumeni na nyinyi!" Wawili wakaacha kweli vikapu vyao, wakatusukuma mpaka juu ya kilima. Tulifika mwanga bado upo. Dume la Kinyala lilikuwa jeusi, masikio yamenyooka, ulimi uko ndani ya mdomo. Sijawahi kufurahi kuona ulimi uko mahali pake kama siku ile. Yaliyofuata sisimulii, kuna watoto wanasikiliza.

Halafu ni kusubiri. Siku ishirini na moja. Kila asubuhi nafungua zizi nimefumba macho, nasikiliza kwanza. Akilia nimekwisha. Siku ya ishirini sikulala vizuri, ya ishirini na moja nikatoka na kiti nikakaa mbele yake tangu alfajiri. Akala. Akacheua. Akatoa ulimi, akanitazama. Kimya. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Mwenyekiti wetu wa kikundi akaja na daftari lake, akamshika tumbo, akamchungulia, akasema, "Huyu ametulia. Abaki." Neno moja hilo, abaki, nilikwenda kulilia jikoni.

Binti yangu alipokuja likizo nikamweleza yote. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, nilizipa majina ya babu zangu kwa heshima."

"Najua. Lakini kitu cha kutumiwa na watu wote kinataka jina ambalo kila mdomo unaweza kulisema. Na liseme lenyewe nani katangulia. Njoo."

Nikampeleka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha. "Mimi hii migomba siipi majina. Nasema shimo la pili, mgomba wa kwanza, chipukizi wa tatu. Nikimtuma mtu yeyote, hata mgeni, haji na mkungu wa shimo lingine. Unaona?"

Akasimama. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikaona macho yake yamekwenda mbali, kama akiwa mdogo anafikiria hesabu. "Kwa hiyo namba ziwe tatu, ya shimo mbele, ya mgomba katikati, ya chipukizi mwisho," akasema. "Nikirekebisha herufi tu iliyokosewa?"

"Huyo chipukizi. Namba ya mwisho inasogea moja."

"Nikiongeza kitu kipya, mathalani siku za chanjo, lakini ya zamani yote yanafanya kazi vilevile?"

"Mgomba mwingine, shimo lilelile. Namba ya katikati."

"Na nikibadilisha kabisa, kama nilipoleta ukoo wa baba, mpaka daftari la zamani halisomeki?"

"Mwanangu, hapo umechimba shimo jipya. Namba ya mbele. Na shimo jipya linaanza bila kitu, hizo mbili za nyuma unazirudisha sifuri."

"Na nikigundua kosa baada ya disketi kufika ofisini, nikirekebisha kimyakimya, namba ibaki ileile?"

"Thubutu! Mkungu ukishatoka umetoka. Unakata mwingine, na namba yake nyingine. La sivyo katibu ana moja, wewe una nyingine, na zote mnaziita jina moja. Utakuwa umeturudisha Kawetele."

Akanikumbatia palepale, matope na yote. Akaketi na kalamu nyekundu, mpya, akaandika upya karatasi za disketi. Ile ya kwanza ikawa moja nukta sifuri nukta sifuri. Ile ya yule mzee ikawa mbili nukta sifuri nukta sifuri. Na ukutani ofisini akabandika karatasi moja ndefu, kila namba na kazi iliyofanyika, ili mtu asiulize mtu.

Lakini sasa nani atamwambia mzee kwamba jina lake limebanduliwa? Maana alikuwa anajisifu sokoni kwamba yumo ndani ya kompyuta! Binti yangu akaenda mwenyewe. Mimi nikajibanza migombani, nasikiliza.

"Babu, sasa wewe ni namba."

"Namba ngapi?"

"Mbili."

"Na yule mwenzangu, babu yako wa kule kwa mama yako?"

"Yeye moja."

"Kwa nini yeye moja na mimi mbili? Mimi ndiye niliyetoa mahari!"

"Babu, kubwa ndiyo mpya. Mbili ndiyo inayotumika. Moja imewekwa kabatini."

Weee! Nilisikia mzee anapiga paja. "Imewekwa kabatini!" Juma zima alikuwa anakwenda akiwaambia watu, mimi ni mbili, mwenzangu yuko kabatini. Baba yangu aliposikia akatuma salamu kwamba kisichotumika hakichakai. Walitaniana hivyo mpaka walipozeeka kabisa.

Na mimi? Siku nyingine ya soko binti yangu akapiga simu, ameongeza zile siku za chanjo, disketi ameituma na basi. "Rudia, Mama." Nikajaza pumzi, foleni nzima inasikiliza, nikapaza sauti, "Mbili nukta moja nukta sifuri!" Bila kuinama, bila kuogopa. Yule mzee wa foleni akasema, "Leo haijakata." Nikamwambia leo haikati.

Miezi tisa ikatimia. Ndama alishuka asubuhi, jike, mweusi kama masizi ya chungu, masikio yamenyooka. Bado nampangusa kwa majani makavu, nikasikia kule njiani, kho, kho. Nikainuka nikimbie. Lakini ndama amelalia khanga yangu, sina pa kwenda. Nikageuza uso wangu kwa ng'ombe.

Yule mzee akasimama ng'ambo ya migomba. Hakusogea. Miaka zaidi ya ishirini nimeolewa pale, hajawahi kunisemesha, wala mimi kumsemesha. Akakohoa tena, akaongea juu juu, kama anauambia mgomba:

"Nasikia ile ya mbili imezaa."

Nikamshika ng'ombe wangu sikio lake lile lililojikunja, nikainama, nikamwambia yeye, lakini kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Imezaa jike. Na wote wazima."

"Ndaga," ule mgomba ukajibiwa. Halafu nikasikia hatua zake zinarudi polepole, na kikohozi kimoja, cha furaha. Nilikijua.